Hatua Moja na Nusu

Siku Mama Mkasi alipopiga sururu uwanjani kwake kwa mara ya kwanza, majirani walidhani anachimba kaburi, na wengine walishaanza kukisia la nani.

Wasilaumiwe. Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani, mkasi wake mkubwa wa chuma ukining'inia shingoni kwa utepe tangu anapoamka mpaka anapolala, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Kiwanja cha pili aliishi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na kila aliyekatiza pale alijua kwamba siku moja damu itamwagika. Lililokuwa halijulikani ni ya nani.

Kumbe mama wa watu alikuwa anatengeneza bustani.

Uwanja wenyewe ulikuwa mbele ya nyumba, hatua nane kwa upana, kumi na mbili kwa urefu toka barazani hadi barabarani. Upande mmoja ulikuwa na ukuta wa jirani, upande wa pili uzio wa mabati uliomtenga na karakana ya Cheche. Viwanja vyote viwili vilikuwa vya mama mkwe, bibi mkavu mwenye miguu mibovu na masikio mazima, aliyeishi nyumba moja na Mama Mkasi na kulalamikia kila kitu isipokuwa mwanawe mdogo. Cheche aliutaka uwanja ule apanue karakana. Alishalisema hilo mezani mara tatu, na mara ya tatu alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mama Mkasi alimjibu kwamba wateja wake wanaingilia mbele, na mbele ikijaa mageti na mitungi ya gesi hakuna mwanamke atakayeruka vyuma ili apimwe gauni. Cherehani ikifa na yeye amekwisha. Halafu akasema jambo ambalo hata yeye hakuwa amelipanga, kwamba uwanja ule ataulima chakula.

Cheche alicheka mpaka akakohoa. Mama mkwe hakucheka. Alipenda kula, soko lilikuwa mbali na miguu yake, akaona hapa pana jambo.

"Mvua hizi zinazokuja," alisema, "zikiisha nataka nile kilichotoka hapo mbele. Nikila, uwanja ni wako. Nisipokula, mwanangu ataweka vyuma vyake, na wewe utapitia uani."

Hakuna aliyemtaja marehemu, ingawa wote watatu walikuwa wanamfikiria yeye. Alikufa kwa sababu ya uwanja uleule. Enzi za uhai wake, kila alipopata mtu wa kumsikiliza alisema kwamba uzio wa mabati haukai pale baba yao alipoweka mpaka. Baba alizika jiwe la saruji lenye kipande cha nondo katikati, na Cheche akausogeza uzio mwaka ambao kaka mtu alikuwa kazini mbali. Cheche alisema hapajawahi kuwa na jiwe wala kokoto. Siku moja marehemu alichukua sururu akaenda kulitafuta. Hakufika mbali. Cheche alimpiga nondo juu ya sikio, mara moja tu, akaanguka chali katikati ya vyuma vya watu.

Polisi walipokuja kuuliza, mama yao ndiye aliyewajibu. Aliwaambia hakuna jiwe, mkubwa ni mwongo mwenye tamaa, alimvamia mdogo wake na sururu na mdogo akajitetea. Mambo yakaishia hapo. Mwongo huyo aliishi miezi kumi na moja, sikio moja limekufa, maneno yakimtoka yamechanganyika, akimwita mkewe "sahani" na "mlango" huku machozi yakimlengalenga kwa kujua amekosea. Asubuhi moja alianguka kifudifudi juu ya meza ya kukatia nguo, akafa. Mama Mkasi aliweza kumeza mengi ya mama mkwe, lakini hilo la kumwita mumewe mwongo lilikuwa limemkaa kooni, halipandi wala halishuki.

Basi akaamua kulima, na alilima kwa hasira.

Aliyemfundisha alikuwa mteja wake, mwalimu wa kilimo aliyekuja kuongezewa suruali kiunoni kila baada ya miezi michache. Mwalimu huyo alimwambia asipande hata mbegu moja kabla hajakaa mwezi mzima akitazama. Atazame jua linapita wapi, maji ya bati yanakimbilia wapi, upepo unaingilia wapi. Alimwambia kila kitu bustanini kiwe na kazi mbili, na kila kazi iwe na vitu viwili vya kuifanya. Mimea mirefu iifunike mifupi, inayotambaa iufunike udongo, maji ya bafuni yanayopotelea mtaroni yaende kunywesha migomba. Mama Mkasi alimwelewa haraka, kwa sababu kitambaa nacho ni hivyo hivyo. Unakitazama kwanza, unajua nyuzi zake zimeelekea wapi, ndipo unashika mkasi.

Alikaa barazani mwezi mzima akichora kivuli kwa chaki sakafuni, saa kwa saa. Cheche alimwuliza toka ng'ambo ya mabati kama huo ndio ukulima wenyewe. Mama Mkasi akamwambia aendelee kuunguza macho yake.

Mwezi ulipokwisha, alitandika magazeti kwenye meza ya kukatia, ileile aliyofia mumewe, akachora uwanja kama mtu anayechora kigezo cha gauni. Inchi mbili za karatasi zilikuwa hatua moja ya ardhi. Aliugawa uwanja vipande vitatu kwenda upana. Cha kwanza, kando ya ukuta wa jirani, kilikuwa tuta la mboga lenye njia fupi inayoingia katikati, ili mtu asimame hapo na kufikia kila jani bila kukanyaga udongo. Cha pili kilikuwa mtaro mpana unaofuata usawa wa ardhi, wa kushika maji ya bati, mipapai juu yake na viazi vitamu chini. Cha tatu, upande wa Cheche, kilikuwa shimo la duara la kujaza takataka za jikoni, migomba ikilizunguka na maji ya bafuni yakiingia kwa bomba. Akavikata vipande vyote vitatu bila kutua, mkono ukienda wenyewe kama ulivyokwenda miaka thelathini. Kosa liliingia hapo, na hakuliona.

Ardhi haikutaka. Ilikuwa imekanyagwa miaka na miaka, sururu ikigonga inarudi, na viganja vyake vikatoka malengelenge yakapasuka mpaka mpini ukawa unateleza kwa damu. Hakuacha. Kila pigo alilipeleka mahali alipojua mwenyewe, kwenye kisogo cha mtu fulani, na jioni mama mkwe alisikia jinsi anavyoguna akavuta shuka mpaka kidevuni. Wiki mbili baadaye tuta la kwanza lilikuwa tayari, limejazwa mboji, limefunikwa mabaki ya vitambaa vya pamba ambayo zamani alikuwa anayachoma. Mvua ya kwanza ikanyesha. Mchicha ukachomoza, na vitunguu, na kunde.

Cheche akaja na pikapu kinyumenyume kutoka barabarani, akapita juu ya tuta lile, akasimama, akarudi tena mbele juu yake. Alisema hakuliona.

Mama Mkasi alikuwa anapiga pasi sketi ya mteja. Alitoka na pasi ya mkaa mkononi akairusha kama ilivyo, na moto wake ndani. Ilipita kioo cha mbele. Cheche aliteremka, nyusi imepasuka, mkaa unafuka kwenye kiti chake, akamkaba shingo akamnyanyua mpaka vidole vya miguu vikaacha ardhi. Mama Mkasi akamng'ata mkono chini ya kiwiko na hakuachia mpaka meno yakakutana. Ikawa patashika nguo kuchanika, na kweli gauni lake lilichanika toka begani mpaka kiunoni. Majirani wanne walihitajika kuwatenganisha. Mama mkwe alipofika, alivua ndala akampiga nayo Mama Mkasi mdomoni, kwa damu ya mwanawe, na hakumwuliza kuhusu yake.

Kesho yake Mama Mkasi alikuwa uwanjani na mdomo umevimba. Alitazama zile alama mbili za magurudumu, akaona maji ya mvua yamekaa humo, akapanda marando ya viazi ndani yake. Mwalimu wa kilimo alishamwambia kwamba udhia nao ni mali ukijua pa kuutia.

Mtaro wa pili ulipomalizika, Cheche akaumwagia oili chafu ndoo mbili. Miche ya mipapai ililala siku hiyohiyo. Mama Mkasi alichota udongo ule wote uliooza kwa oili, ndoo kwa ndoo, akaupitisha dirishani kwa Cheche akaumwaga juu ya godoro lake. Cheche akaja mchana kweupe na nyundo akavunja miguu miwili ya meza ya cherehani. Kuanzia siku hiyo fundi alishona mashine ikiwa imeegemezwa kwenye tofali, na Cheche akalala sakafuni, na mama mkwe akala mchicha wa kwanza uliotoka kwenye tuta lililokanyagwa. Aliula wote. Alipomaliza alisema chumvi imepungua.

"Hiyo ni sahani moja," alisema. "Mvua bado."

Katikati ya mvua hizo Cheche alipata kazi ya geti kubwa la ghala, kubwa kiasi kwamba halikuweza kuingia wala kutoka karakana bila kung'oa uzio. Akayang'oa mabati yote na nguzo zake, akayaegemeza ukutani, na kwa siku kumi pikapu ikapita huku na huku mpaka mashimo ya nguzo yakafutika kabisa kwenye tope. Mama Mkasi hakujali. Yeye alikuwa na karatasi yake. Alipima kipande cha tatu kuanzia pale cha pili kilipoishia, kama ilivyoandikwa, akapigilia vigingi, akafunga uzi, akaanza kuchimba shimo la migomba.

Alikuwa amefika kifuani, maji ya bafuni tayari yamejaa kwenye vifundo vya miguu, ndipo Cheche aliporudi toka kupeleka geti. Alisimama juu ya shimo. Alikuwa na nondo mkononi, lakini hilo halikuwa la ajabu, kwa sababu siku zote alikuwa nayo.

Alimwambia amevuka mpaka, ameingia kwake. Mama Mkasi akamwambia atoke yeye. Cheche hakubishana, alikwenda kwenye ukuta wa jirani akaanza kuhesabu hatua kwa sauti ili barabarani wasikie, na alipofika nane alikuwa bado hajafika kwenye ukingo wa shimo la upande wake. Alihesabu iliyobaki. Hatua moja na nusu. Mama Mkasi alipanda juu, akahesabu mwenyewe mara mbili, akapata hiyohiyo. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

Alikwenda ndani akaleta magazeti yake, akayatandaza barazani. Alitazama kipande cha kwanza, akatazama ukingo wake, akaliona kosa. Kila kipande kilikuwa na nusu inchi ya ziada kila upande. Ilikuwa nafasi ya mshono. Kitambaa huachiwa nafasi hiyo ili sindano ipate pa kupita, na mkono wake, bila kumwuliza, ulikuwa umeiachia ardhi nafasi ya kushonewa. Nusu inchi ya karatasi ilikuwa robo hatua ya udongo, na kingo zilikuwa sita. Miaka thelathini hajawahi kuharibu nguo ya mtu, na leo ameharibu mpaka wa watu mbele ya mtaa mzima. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alisimama akasema neno ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

"Nimekosea, shemeji. Nitafukia mwenyewe."

Hapo ilibidi Cheche atambe. Mtaa mzima ulisubiri atambe. Lakini Cheche alikuwa ameshashika koleo na alikuwa anarudisha udongo shimoni mwenyewe, mbio mbio, jasho likimtoka kama amesimama kwenye jua kali wakati kulikuwa na mawingu. Na hakufukia kutokea kwenye lundo lililokuwa karibu. Alisimama upande wa mbali, wa karakana yake, miguu imebana mahali pamoja, akitupa udongo kwenye ukuta ule mmoja tu wa shimo.

Mama Mkasi alimtazama. Alishapokea wanaume wengi wenye suruali zilizochanika, na alijua jambo moja juu yao. Kabla hujamwuliza palipochanika, mkono wake umeshapaziba. Akaitazama miguu ya Cheche mahali ilipokanyaga. Aliruka shimoni akaokota sururu.

"Nimesema usichimbe hapo," Cheche alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama Mkasi alipiga mara mbili ukuta ule. Mara ya tatu sururu ilitoa mlio mwingine, na papo hapo nondo ikamshukia begani. Aliusikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Mkono wa kulia ukalegea ukaning'inia, sururu ikaanguka majini. Aliinua macho akaiona nondo imepanda tena, na akaona inapolenga. Ilikuwa inalenga juu ya sikio. Alikuwa ameyaosha majeraha ya pale kwa miezi kumi na moja, anapajua.

Alimshika Cheche kifundo cha mguu kwa mkono wa kushoto akavuta. Ukingo uliolowa ukakatika, wote wawili wakawa chini, kwenye maji ya sabuni na tope. Cheche alikuwa mzito na alikuwa juu. Alimkandamiza uso majini, akashikilia. Mama Mkasi alimeza tope, akaona weusi, akamwona mumewe akimwita sahani. Mkono wa kushoto ukapapasa kifuani, ukakuta utepe, ukauvuta ukakatika, ukakuta mkasi. Alipiga bila kuona. Alipiga paja, akapiga ubavu ukateleza, kisha mkono wa Cheche uliokuwa umebana shingo yake ukaja mahali pazuri, akauzamisha mkasi kiganjani mpaka ukatokea upande wa pili. Halafu akauzungusha.

Cheche alilia mlio ambao mtaa ule hauwezi kuusahau. Alijitupa nyuma akagonga ukuta wa shimo kwa mgongo, ukuta ukaporomoka, na pembeni ya bega lake likabaki limesimama jiwe la saruji lenye pembe nne, na nondo iliyoliwa na kutu ikichungulia katikati.

Maji ya bafuni yaliendelea kuingia kwa bomba, yakawa mekundu.

Mama mkwe alikuja bila ndala. Ilimchukua muda mrefu kuvuka uwanja, na watu walimpisha. Alifika ukingoni akawatazama wote wawili, mwanawe akiwa ameshika kiganja kilichopasuliwa, mke wa mwanawe mwingine akiwa amepiga magoti na mkono umening'inia, na mkasi bado uko ngumini. Kisha akalitazama jiwe.

"Mama," Mama Mkasi alisema, akitema tope, "hiki ni nini?"

Cheche alimwangalia mama yake kutoka chini, akatikisa kichwa kidogo, kama mtoto anayeomba asisemewe kwa baba yake.

"Ni jiwe la mpaka," mama mkwe alisema. "Saruji yake niliikoroga mimi."

"Ulisema mwanao mwongo."

"Alikuwa ameshapigwa. Daktari alikuwa ameshaniambia hatapona. Ningesema kweli, ningebaki na mmoja kaburini na mmoja gerezani." Alimnyooshea kidole Cheche. "Nikachagua wa kubaki naye."

Kitu kilipanda kwa Mama Mkasi ambacho maumivu ya bega hayakukifikia. Alitaka kuua. Asingeweza kusema vinginevyo, hata baadaye alipoulizwa na watu wa heshima zao. Shingo ya bibi yule ilikuwa juu yake pale ukingoni, nyembamba, ina mshipa, na mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Alipanda tope kwa goti na kiwiko mpaka wakawa uso kwa uso. Bibi hakurudi nyuma. Alifumba macho akasubiri.

Mama Mkasi alimtazama mpaka pumzi ikamrudia.

"Sema tena," alimwambia. "Geukia barabarani. Wale wa nyuma hawajasikia."

Mama mkwe aligeuka. Akasema tena, kwa sauti, kwamba mwanawe mkubwa hakuwa mwongo, kwamba jiwe lilikuwepo, na kwamba yeye alijua. Alisema mpaka sauti ikamkatika. Ndipo Mama Mkasi alipouachia mkasi ukaanguka, naye akaanguka juu yake.

Hospitali ilimfunga bega na kumwambia miezi mitatu asiguse cherehani. Cheche alishonwa kiganja, lakini mishipa ya vidole ilikuwa imekatika, na vidole havikukunjika tena. Polisi walikuja, na safari hii mama mkwe aliwaambia yote, ya zamani na ya sasa, mpaka kalamu ya askari ikachoka. Cheche akashtakiwa kwa nondo zote mbili, akaachiwa kwa dhamana mpaka kesi isikilizwe. Mama Mkasi naye alipata kesi yake ya mkasi. Mkasi wenyewe ukabaki kituoni kama kielelezo, na shingo yake ikawa tupu kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa msichana.

Uzio ukarudishwa kwenye jiwe. Toka ukuta wa jirani mpaka pale zilikuwa hatua kumi kamili, kama marehemu alivyokuwa akisema. Kile kigezo kilichokosewa, pamoja na nafasi zake za mshono, kikaenea chote bila kupunguzwa, ikabaki nusu hatua ya kupita mtu. Mama Mkasi alipanda migomba kuzunguka shimo kwa mkono mmoja. Udongo wa pale ulikuwa umelewa damu ya watu wawili, na migomba haikuuliza, ilitoa majani mapana kabla mvua hazijaisha.

Mvua zikaisha. Siku hiyo alichuma kwa kisu cha jikoni mchicha, majani ya kunde, matembele ya kwenye alama za magurudumu na vitunguu vinne. Akapika, akamwekea mama mkwe sahani. Bibi alikula polepole, hakusema chumvi imepungua wala imezidi. Alipofika nusu aliweka mkono pembeni.

"Mpelekee na yule," alisema bila kumtazama. "Hawezi kushika mwiko."

Mama Mkasi alitaka kumwambia afe na njaa. Alishafungua mdomo. Kisha akaufunga, akapakua bakuli likajaa, akatoka nalo mpaka kwenye uzio, pale ambapo mabati yalikuwa yameachwa wazi kulipisha jiwe. Akaliweka bakuli juu ya jiwe, mkono ukiwa bado juu yake. Cheche alikuwa amekaa katikati ya vyuma vyake vilivyoanza kushika kutu, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Alisikia harufu akanyanyuka. Alinyoosha mkono wa kushoto akashika ukingo wa bakuli.

Mama Mkasi hakuachia.

"Sema," alimwambia.

Cheche alitazama chini. Alijua kinachotakiwa.

"Kaka hakuwa mwongo."

"Na lingine."

Kule barazani kijiko cha mama mkwe kilikuwa kimesimama.

"Nilimuua mimi," Cheche alisema.

Mama Mkasi akaachia bakuli. Cheche alikula amesimama palepale, kwa mkono wa kushoto, majani yakimdondokea kifuani, akila kama mtu anayeadhibiwa na mwenye njaa kwa pamoja. Alipomaliza, Mama Mkasi alichukua bakuli akaenda kuliosha.

Kesho yake saa ileile alipika tena, akapakua, akaliweka bakuli juu ya jiwe, akalishikilia.